Safu ya Tano: Hali ya Bodi

Niliingia uani kwa ushirika saa kumi na mbili na nusu,
kabla dalali hajafika na kipaza sauti chake,
kwa sababu rangi huanza uongo saa nne.
Jua la Tabora likisimama wima kila kitu hung'aa,
hata choo cha bati nyuma ya ghala la tumbaku.
Asubuhi mwanga huja kwa ubavu, unaparaza,
na mlango uliowahi kupondeka hukiri wenyewe.

Nilibeba tochi, gunia la kulalia,
kioo cha kinyozi nilichokifunga kwenye fimbo,
na sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio ya mbao,
nimeivisha soksi ya mtoto isikwaruze.
Sumaku haina shemeji.
Penye chuma hushika, penye puti hudondoka.

Wanasema kizuri chajiuza.
Mbona basi hapa kinatangazwa tangu Jumanne,
gari la matangazo likizunguka Isevya na Ng'ambo?

Landrova ya kijani: bodi ni aluminiamu, sumaku haina kazi.
Nikalala chini, nikaigonga chesisi kwa nyundo ndogo.
Ikanijibu kama kihenge mwezi wa pili.
Folksi ya bluu: namba ya injini imesagwa, ikapigwa upya.
Ile nane imelewa.
Lori la Bedifodi, injini imekufa, tairi hazipo,
lakini kitanda chake ni mninga mtupu,
ubao umeingia ubao bila msumari hata mmoja.
Sikumjua fundi. Nilizima tochi, nikapapasa tu.

Kisha ile Pijo nyeupe, mia nne na nne,
ambayo Bwana Mutalemwa wa Mwanza ananilipia niitazame.
Amenipa nusu. Amepiga simu mara tatu:
"Ni halisi? We niambie tu, ni halisi?"

Boneti, safi. Paa, safi.
Chini ya mlango wa kushoto sumaku ikadondoka.
Nikakwangua. Puti nyembamba kama ganda la yai,
na chini yake kiraka cha debe la mafuta ya kula,
herufi zimegeuziwa ndani,
kwenye kioo zikasomeka kinyumenyume: IFAS ATUFAM.
Ukingo umekunjwa mara mbili. Risasi imetembea
kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu wa shoto anavyotembeza.
Na pembeni vitone vitatu vya patasi,
cha tatu kimekaa upande.

Baba.

Mwaka ule gesi ya kuchomelea ilikatika mkoa mzima,
sabuni kwa foleni, sukari kwa barua ya balozi.
Alipasha chuma kwenye mkaa, mimi nimeshika kibatari,
nikasinzia, mwanga ukayumba, nikala kofi.
Mwenye gari akauliza kama kitadumu.
Baba hakuwa mtu wa ahadi.
"Kitakufikisha Sikonge," alisema. "Na kurudi."

Nilikitia kidole cha gumba, nikasukuma kwa uzito wangu wote,
nikitaka kivunjike, nadhani, nipate cha kuandika.
Kutu imekula kulia kwake na kushoto kwake.
Chenyewe, wapi.

Safu ya tano ina nafasi ya neno moja.
Fomu ilitaka NZURI au MBAYA.
Niliandika: Kiraka. Nikaona haitoshi,
nikabana pembeni kwa herufi ndogo: kimeshika.

"Si ya kiwandani yote," nilimwambia Mutalemwa.
Simu ikakatika. Labda ni mtandao.

Nyundo ilishuka kwa bei ya baiskeli mbili na nusu.
Aliyeipata ni Nkwabi, muuza asali, kijana mwenye ndoo kumi na nne
na mkono uliovimba kwa nyuki.
Hakuuliza uhalisi. Aliuliza kama itafika Sikonge.

Na kurudi, nikasema.

Nusu ya ujira wangu bado iko Mwanza.