Vidole Vinane

Kucha nakata kila Alhamisi,
fupi, mpaka nyama inaona haya.
Shangazi husema: mwanamke wa Tanga bila kucha,
hina ataipaka wapi?
Namwonesha ncha za vidole,
sugu kavu kama mbaazi za ghalani.
Hina yangu hii, shangazi. Haitoki kwa ndimu.

Kinubi kina nyuzi arobaini na saba.
Nyekundu ni do, nyeusi ni fa,
zilizobaki ni nyeupe, zijitambulishe zenyewe.
Husafiri kwa guta la Sekibaha,
kimefungwa magodoro mawili na shuka ya maua,
kutoka Makorora hadi hoteli za Raskazone,
na njia nzima watu wanatupa pole
wakidhani tumepakia mgonjwa.
Sekibaha haachi kukanyaga pedeli:
"Tumeshapoa, tumeshapoa."

Pale Chumbageni mtoto aliniuliza:
"Hicho kitanda cha kamba, mbona kimesimama?"
Nikamwambia, mtu hulala humo akiwa macho.
Hakuridhika.
Nami sikuridhika.

Jumamosi harusi. Watu wanakula,
napiga polepole nisizidi sauti ya vijiko.
Bibi arusi hanioni.
Mpishi ananiona; hunifichia paja la kuku.
Mwenye hoteli hulipa nusu,
nusu nyingine, "Pita Jumanne, fundi,"
na Jumanne hiyo
sijawahi kuikuta kwenye kalenda yoyote.

Machi, joto likishika, uzi hukatika wenyewe usiku.
Paa!
Mama Chambo anagonga ukuta: "Kuna usalama huko?"
"Ni sol tu, mama. Lala."
Yeye hulala. Mimi nabaki nikipiga hesabu:
sol mpya, nauli yake, ushuru wake,
na yule karani wa posta anayetaka kujua
uzi wa nguo gani unauzwa bei hii.

Siku zisizo na harusi nashika spana.
Jiji hili limejaa baiskeli, nami nina masikio.
Spoki iliyokaza huimba,
iliyolegea husema uongo kwa sauti nene.
Mteja hulalamika: "Fundi, mbona hutazami ringi?"
Nyamaza kwanza, nasikiliza.
Jioni redio, mpira, Coastal wakifungwa
kinubi sikigusi mpaka kesho yake.

Baba alikuwa mtu wa mkonge.
Korona ilimla vidole viwili kabla sijazaliwa,
cha mwisho na cha pete, mkono wa kushoto,
na maisha yake yote alipeana mkono haraka,
kama anayerudisha kitu cha kuazima.
Miaka kumi aliuona mzigo huu ukiingia na kutoka nyumbani,
hakuuliza.
Mwaka huu, kwenye Idi, baada ya pilau,
nikamwambia: baba, kinubi hupigwa kwa vidole vinane.
Vile vidogo vya mwisho havina kazi, vinaning'inia tu.

Akavihesabu vyake. Akavihesabu tena.
"Kumbe mimi nimetimia," akasema.
Sikumwambia kwamba si vile vinane vyenyewe.

Akasogeza kigoda. Hakupiga.
Alishika uzi mmoja mmoja kati ya gumba na shahada,
akauvuta kutoka juu kushuka chini,
macho kafumba,
kama siku zile za chumba cha brashi, akipanga singa kwa madaraja.
"Huu, daraja la kwanza.
Huu, la kwanza.
Huu, la pili, lakini utakutunza."
Akafika kwenye do ya katikati, akasimama.
"Na huu, mwanangu, umepigwa. Huu si wenzake."

Ulikuwa mshipi wa dukani,
mita kwa shilingi mia tano,
nilioufunga tangu Rajabu, sina la kufanya,
nikaupaka wekundu kwa rangi ya kucha.
Ndiyo, shangazi, rangi ya kucha ninayo.
Wageni wa harusi kumi na moja hawakujua.
Sekibaha hakujua.
Baba akaufuta mkono kwenye kanzu, akautazama,
kidole kimebaki na wekundu kidogo,
akaomba chai.