Moto Usiopepewa

Limefika Alhamisi kwa mkokoteni wa Mwaringa,
boksi refu, zito, limeandikwa pande zote TAHADHARI,
likatuliwa uani baina ya tangi la maji na kamba ya nguo.
Mwanangu Twalibu kalituma kwa meli toka Doha:
"Mama, pumzisha kifua. Jiko hili halitaki makaa."

Halitaki makaa.
Na Muyeye nzima yanijua kwa moshi kabla ya sura.

Nikalipasua kwa kisu cha kuparia samaki.
Miguu minne, magurudumu mawili, parafujo kifukoni.
Nilipomaliza kukaza, moja ikanibaki mkononi,
sijui ni ya wapi hata leo.
Nimeifunga pinduni mwa leso, pamoja na chenji.

Chakula chake ni mbao zilizosagwa zikashindiliwa,
punje punje, kama chakula cha kuku wa kisasa.
Kuku wangu walikuja mbio.
Jogoo akadonoa moja, akaitema,
akanitazama kama niliyemla amana.

Kijitabu chasema: mara ya kwanza, liwashe tupu.
Usitie nyama, usitie samaki. Dakika arubaini na tano
liache liungue peke yake, liteme mafuta ya kiwandani.
Nikasoma mara mbili.
Moto wa bure?
Mimi nilitumwa kaa moja kwa jirani, juu ya kigae,
nikikimbia na kupuliza, kupuliza na kukimbia,
kaa likizimika, na mimi nimezimika.

Bismillahi. Nikachomeka waya.
Ndani kitu kikakoroma,
kikazisukuma punje moja moja kama mtu wa tasbihi,
kisha moshi mweupe ukanyanyuka, ukaruka ukuta.

Bi Kibibi akachungulia: "Wapika nini?"
"Sipiki kitu."
"Na huo moshi?"
"Ndio huo. Napika moto."
Akaenda zake, kaamini namficha minofu.
Haikupita muda, watoto watano juu ya ukuta,
mmoja kaja na sahani yake.

Miaka ishirini na sita moto nausoma kwa uso.
Ukiniuma nyusi, huo wa mishkaki.
Ukinipapasa shavu tu, huo wa samaki wa kupaka.
Hili lina namba. Mia na sitini. Mia na themanini.
Namba haziumi nyusi.

Na mkono huu wa kulia
(hili ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo)
ulikuwa wapepea.
Nimekaa kibaoni, kipepeo kiko msumarini,
na mkono waenda, warudi, wenyewe, mtupu,
kama mama ambembelezaye mtoto
aliyekwisha kukua akaenda Doha.
Niliukalia. Ukafa ganzi. Nikautoa, ukaanza tena.

Dakika ya thelathini na nane, umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna.
Feni ikakata roho, namba zikapotea,
na moshi, kwa kukosa wa kuusukuma,
ukaanza kurudi nyuma, kwenye sanduku la punje.
Kijitabu, kimya.
Nilishtukia kipepeo ki mkononi.
Nikafunua kifuniko, joto likanipiga nyusi,
(ndiyo, hapo, karibu, nakujua)
nikapepea, nikapepea,
nikazichoma punje zile hadi jivu,
na watoto ukutani wakipiga makofi kwa nyama isiyokuwepo.

Magharibi Mwaringa akagonga na gunia lake la kila wiki.
Yeye ndiye aliyelileta boksi, hakujua kabeba nini.
Akalitazama jiko. Akaligeukia gunia.
"Niliweke, au nirudi nalo?"
"Weka palepale," nikamwambia. "Na kesho uje ule."

Usiku Twalibu akaandika: Mama, limewaka?
Nikamjibu: Limewaka, mwanangu, Mungu akuzidishie.
La mkono sikumwambia.