Kijiwe cha Sikio

Ndani ya kichwa cha sambaza mna kijiwe,
kidogo kuliko punje ya ulezi,
ndicho anachosikilizia maji.
Kila siku inayopita humwachia pete moja.
Siku ya shibe, pete pana.
Siku ya njaa, uzi tu.
Miaka miwili nimezihesabu chini ya hadubini
katika maabara isiyo na mapazia,
jicho la kushoto limefumba, la kulia linatoka machozi.

Mama huuza sambaza kwa kopo, soko la Kadutu.
Kila Jumatatu hunitengea ishirini
akinung'unika: "Wenzio hula samaki, wewe wamsoma."
Kisha huniuliza, macho yake yakiwa bado kwenye ungo:
"Na wale watu wako?"

Bado.

Wale watu wangu walikuwa watatu:
Ubelgiji, Norwe, Afrika Kusini.
Niliwaandikia Novemba, mvua ikipasua barabara ya Bagira,
kurasa mbili za kueleza kwa nini mimi.
Ukurasa wa tatu hawakuutaka, nao ndio uliokuwa wa kweli.
Profesa Mushagalusha aliahidi barua ya kunisifu.
Nilimngoja mlangoni siku nne;
ya tano akaniambia niiandike mwenyewe, yeye atatia sahihi.
Jaribu wewe kujisifu kwa kalamu ya mtu mwingine.
Niliandika "ana bidii", nikafuta,
nikaandika "ana subira".
Uongo huo ndio unaonila sasa.

Umeme ukikatika, simu naipeleka kwa Balegamire mwenye sahani za jua.
Faranga mia tano, kikaratasi namba kumi na saba,
nami nakaa palepale juu ya kreti la bia
kama aliyemleta mgonjwa.
Inapolia, moyo unaruka kama chura aliyeguswa kidole.
Ni kampuni ya simu:
mteja mpendwa, jaza salio, ujishindie pikipiki.
Nimechungulia hata kwenye barua taka.
Huko nimemkuta mjane wa waziri asiyejulikana
anataka kunirithisha mamilioni.
Yeye peke yake ndiye aliyenichagua bila masharti.

Norwe walijibu Februari. Mistari mitatu.
"Tumepokea maombi mengi."
Nililisoma lile "mengi" mpaka likaacha kuwa neno.
Usiku ule sikumwambia mama.
Nilikula, nikasema samaki wamezidi chumvi.

Na huyu sambaza si mwenyeji wa Kivu, mjue.
Alitolewa Tanganyika, akasafirishwa angali mchanga,
zamani, kabla mama hajazaliwa.
Hawakumdai vyeti wala ada ya maombi.
Wakammwaga tu, akashika ziwa,
leo anatulisha Bukavu nzima.
Ningependa kuiona ile pete ya siku ya safari,
kama ni pana au ni uzi,
lakini mwenye kuibeba aliliwa kitambo
na mtu ambaye hakuwa na hadubini.

Leo Jumanne, umeme hakuna.
Nimekielekeza kioo dirishani, kinakunywa jua.
Samaki wa jana, wa kumi na nne.
Mia moja na tano. Mia moja na sita.
Hapa pete zimebanana, kama wiki mbili hivi,
hakuna ajuaye nini kilimpata,
ziwa halitoi maelezo.
Halafu zinapanuka tena, polepole,
kama mtu anayerudi kwenye sahani yake.

Cikuru mdogo wangu anapanda ngazi, anahema:
"Yaya, simu yako imelia kule kwa Balegamire.
Mara mbili."

Matangazo hulia mara moja.

"Ngoja," namwambia, jicho silitoi.
"Ngoja nisipoteze hesabu."
Mia moja na kumi na moja.
Mia moja na kumi na

Cikuru,
nilikuwa nimefika ngapi?