Hati ya Kuhama, Barabara ya Kumi na Nne

Mimi, Mwantumu binti Hatibu, ninahama leo.
Naandika kwa kalamu ya bluu, nyuma ya karatasi ya kalenda,
kwa kuwa mtendaji wa mtaa ameniambia:
neno la mdomo halina mguu wa kusimamia.

Mkataba una majina mawili, Zainati, lako na langu,
na dole gumba la Mzee Shekue mwenye nyumba,
limetapakaa kama wino wa ngisi.
Hakuna palipoandikwa
kwamba atakayekasirika kwanza ndiye mwenye chumba.
Hivyo usiku ule uliobadilisha kitasa,
nikalala kwa shangazi Makorora na sare ya kazi mwilini,
nilikuwa na haki ya kuingia.
Sikuijua. Nilijua kugonga tu.

Kodi tulilipa ya miezi sita, nusu kwa nusu.
Miwili na wiki moja haijaliwa.
Mzee kasema: "Nilipokea fungu moja, sikupokea nusu mbili.
Mkigombana nyinyi, pesa yangu haigombani."
Basi nusu yangu nakudai wewe,
au huyo utakayemleta alale upande wa dirisha.
Ukikataa, baraza la kata hukaa Alhamisi.
Sikutishi. Nakutajia siku.

Vilivyo vyangu: jiko la gesi na mtungi wake;
pazia la zambarau; ndoo mbili, moja ina ufa.
Friji tulichanga: liuzwe, au nikulipe, au unilipe.
Mbuzi ya kukunia nazi ni ya mama,
na hiyo haina mjadala.

Uniti arobaini na moja nimeziacha kwenye luku.
Nilinunua mimi. Hazibanduki ukutani,
hazifungiki kwenye kanga.
Washa taa.

Na yale uliyonitamkia mbele ya mafundi baiskeli,
mtendaji aliyasoma, akashusha miwani:
"Haya ya matusi yana kesi yake, binti. Unaitaka?"
Nje mtoto alikuwa anapuliza tairi, anapumzika, anapuliza.
Nikasema, futa.
Akapiga mstari mmoja.
Bado yanasomeka ukiinua karatasi kwenye mwanga.

Saa kumi ulikuja kutia sahihi.
Hukukaa. Nikarudisha ufunguo wa zamani, usiofungua kitu.
Hukuwa na kalamu, nikakupa yangu.
Uliandika jina lako lote, hadi la babu,
ukajitanda mtandio, ukatoka
na kalamu mkononi.

Sikuiongeza kwenye orodha.