Jicho la Kushoto

Mimi ni daktari wa ng'ombe, niseme ukweli kwanza.
Mkono wangu umezoea mbavu, kwato, viwele,
si kiumbe chepesi kuliko chungwa la Muheza
kinachopumua ndani ya boksi la kandambili.

Mwantumu kamleta kutoka Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
kwa miguu, boksi kifuani, asimtikise.
"Jirani kasema tongo. Duka la dawa wakanipa mafuta.
Muuza ndege kasema ni alizeti tupu, nimpe papai.
Papai kala. Jicho likazidi."

Jicho la kulia lilinitazama kama hakimu.
La kushoto lilikwisha kutoka nje ya nyumba yake,
kijivu, kama zabibu iliyosahauliwa majini.
Mboni haikuujibu mwanga wa simu.
Nikabonyeza kidogo: si maji, si usaha.
Nyama.

Kasuku wa miezi mitatu!
Uvimbe ni wa wazee, nilifundishwa hivyo Morogoro.
Nikaandika daftarini: *jeraha?*
Nikalikata neno.

Sindano nyembamba, tone moja, kioo,
rangi ya zambarau, dakika saba
kwa saa ya ukutani inayokimbia. Kisha hadubini.

Seli changa, nyeusi, zimeshikana mikono
duara kwa duara, kila duara na tundu katikati,
kama vitobo vya kofia ya viua.
Nilikuwa nimeziona mara moja tu, kitabuni.
Hawa ni mafundi walioitwa kulijenga jicho
kinda alipokuwa bado ute na kiini;
jicho likaisha, wenzao wakashuka,
wao wakabaki jukwaani
wakipandisha chumba juu ya chumba
bila ya mwenye nyumba kujua.

Nilimweleza. Sikusema "Mungu anajua."
Anajua, lakini aliyeulizwa ni mimi.
Jicho litoke lote. Pengine tumewahi.
Pengine.

Ndani ya boksi kinda akatoa sauti,
si neno, maneno hajayafikia:
tak-tak-tak-tak, kituo, tak.
Cherehani.
Mwantumu akacheka, akaziba mdomo.
"Hapo anageuza pindo."

Halafu akaninyooshea kidole kwenye kope ile:
"Ukishatoa, hapa utafunga kwa uzi gani?"
Nikampa auone. Akauvuta dirishani,
akaupima kwa ukucha, akaunusa.
"Mishono midogo," akasema. "Usikaze."