Mshale Utulie

Nauza maini Vingunguti, nyuma ya machinjio.
Mizani yangu ina kutu pembeni lakini haisemi uongo:
kila Jumatatu naijaribu kwa pakiti ya sukari,
kilo moja, haijafunguliwa.
Anayeniita mpunjaji ataniomba radhi.

Sasa sikia nilichofanya masika ya mwaka juzi.

Sikudhani alikohoa, ukuta wa chumba unatoka jasho.
Nikanunua kapsuli nne, zile za rangi mbili,
bila cheti, na muuzaji hakuniuliza hata umri.
Usiku nikafungua moja juu ya kisosi,
unga nikaugawa kwa wembe mafungu matatu,
kwa macho tu,
kama mtu anayegawa chumvi.
Fungu moja kwenye uji. Siku mbili akatulia,
nikaziweka zilizobaki juu ya kabati, za akiba.
Wiki haikuisha kifua kikarudi,
na safari hii kilirudi na hasira.

Nyongo ya mbuzi nisingeipima hivyo.

Mwaka huu ni zamu ya mdogo wake, Mwinshehe,
mwaka na miezi minne, pumzi fupi fupi
kama za kuku aliyekimbizwa.
Tabibu Nyamizi hakuanza na kalamu.
Alimfunua shati, akatazama saa dakika nzima,
midomo yake ikihesabu bila sauti.
Hamsini na mbili.
Kisha akamning'iniza kwenye mizani,
ndoano kama yetu, ila ina suruali ya turubai.
Nikasogea nikasoma mshale mwenyewe, mazoea ya kazi.
Kilo kumi na robo.
"Amewahi kutoka vipele kwa dawa? Kuvimba uso?"
Hapana.
Vidonge ishirini. Viwili asubuhi, viwili jioni, siku tano.
"Akishindwa kunyonya, au akilegea, usingoje kukuche."

Nyumbani, maji yaliyochemka yakapoa,
kijiko, vidonge viwili vikivimba
mpaka vikawa tope jeupe lenye harufu ya tunda lisilokuwepo.
Nimemkalisha wima mapajani. Simbani pua,
simmwagii kooni; ndani ya shavu, kidogo,
ameze, tena kidogo.
Akatapika chote, kijiko bado kibichi mkononi mwangu.
Dirishani waliniambia: ikiwa nusu saa haijapita, rudia.
Nikarudia. Kesho yake nikarudi kudai viwili vya kufidia,
nikiwa na pakiti mkononi, nahesabu mbele yao.
Mtu wa mizani hadhulumiwi.

Siku ya tatu anamfukuza paka, anatafuna ndala yangu.
Mama Zuhura akasimama mlangoni:
"Si kapona huyo? Nigawie vinne, wangu ana mafua."

Nyumba ya kupanga. Tunagawana mkaa,
tunagawana kiberiti, alinishikia mtoto nilipofiwa.
Mkono wa kunyima ulikuwa mzito kuliko paja la ng'ombe.
"Hivi vimepimiwa uzito wa huyu," nikamwambia.
"Wa kwako hajapimwa. Na mafua huenda hayavitaki kabisa.
Kesho twende wote, mizani ipo."
Hakujibu. Alikwenda peke yake, nilisikia baadaye,
akaambiwa amnyweshe vitu vya vuguvugu, ampanguse pua.
Mpaka leo ananisalimia kwa kidevu.

Siku ya tano, jioni, viwili vya mwisho.
Pakiti tupu ikalia mkononi kama jani kavu,
Sikudhani akaomba achezee.
Juu ya kabati nilizikuta kapsuli za mwaka juzi,
tatu, zimeshikana kwa unyevu.
Nimezirudisha duka la dawa, zikateketezwe huko.

Leo asubuhi mteja ana haraka, pikipiki inanguruma:
"Mama, kata tu kwa macho, nakuamini."

Ngoja, baba.
Ngoja mshale utulie.