Futi Kumi na Nane

Verlon alitandaza ramani juu ya boneti,
kikombe cha kahawa kikiizuia Arkansas isipeperuke.
"Mistari ikibanana, ujue ni genge.
Ikiachana, tambarare hiyo: pita, usipoteze chambo."

Kidole kikashuka, futi kumi, kumi na tano,
kikaifuata barabara iliyozama mwaka wa bwawa,
kikakata kona penye kijito cha zamani,
kikasimama.

"Hapa."

Sikumuuliza. Mkewe alishaninong'oneza:
hapo palikuwa na jiko la bibi yake Verlon
na ngazi tatu za mawe.

Kulipopambazuka akashusha ndoana taratibu,
kama mtu anayebisha hodi.
Besi, mdomo mpana, akaitika.

Verlon akamtazama kitambo, akamrudisha majini.
"Mwenye nyumba," akasema.